Wenye Mikia na Wasio na Mikia

Trei ya Khamisa iliwekwa kando mbele ya watu, na hilo ndilo lililomuuma kwanza, kabla hata hajajua kosa lake ni nini.

Ilikuwa Jumatatu, siku ya kukusanya. Wafugaji wa vipepeo kutoka Kikoneni na vijiji vya kando ya msitu walikuwa wamepanga foleni kwenye kituo cha ukusanyaji huko Diani, kila mmoja na trei yake iliyotandikwa pamba, na juu ya pamba pupa zimelala. Pupa ni kiwavi aliyekwisha kushiba akajifungia ndani ya ganda, hali wala hatembei, akingoja kuota mbawa. Kituo huzipokea, huzipanga kwa majina, kisha huzisafirisha Ulaya zikapasukie huko ndani ya majumba ya vioo, ambako watu hulipa kiingilio kutazama kitu ambacho Kikoneni hukupiga usoni ukienda kisimani.

"Namba kumi na saba ikae kando," alisema Adnan, afisa mpya wa utambuzi, bila kuinua macho. "Ina mchanganyiko."

"Mchanganyiko wa nini?" Khamisa aliuliza.

"Tafadhali, Bi Khamisa, ngoja wenzako wamalize."

Bi Khamisa! Mtoto wa marehemu dada yake Ummi, aliyemchukua akiwa na miaka mitano, kamasi zinamtiririka, akamlea, akamsomesha kwa vipepeo hawahawa mpaka akavaa joho la chuo kikuu! Kumbe joho lenyewe ndilo lililomfundisha kumwita mama yake mdogo kama anayeita mgonjwa kwenye foleni ya zahanati. Khamisa alikaa kwenye benchi akajikunyata ndani ya leso yake. Wenzake walipita mmoja mmoja wakimtupia jicho la pembeni, na kila jicho alilihesabu.

Ni vyema hapa msomaji ajue kwamba wanawake wa Kikoneni wanaofuga vipepeo husema Kilatini. Hawasemi yule mweusi au yule wa madoa. Jirani yake Khamisa, Mwanapili, aliyeacha shule darasa la nne, hukwambia kwamba demodokasi wake leo wamekataa kula, kama vile mwingine anavyosema mbuzi wake hawajanywa maji. Kituo kiliwazoesha hivyo tangu mwanzo. Kila kipepeo ana majina mawili ya kisayansi, la kwanza la ukoo na la pili lake mwenyewe, na ndiyo yanayoandikwa kwenye daftari, kwa sababu mnunuzi wa ng'ambo hajui Kidigo na mfugaji hajui Kidachi, lakini jina lile wote wawili wanalijua. Khamisa alikuwa amesajiliwa kufuga aina moja tu, Papilio dardanus, na alikuwa mfugaji pekee wa aina hiyo. Viwavi wa dardanasi wanataka majani ya ndimu-mwitu, miti ya msituni ya jamii ya mdimu, ambayo miche yake ni migumu kuoteshwa. Wengine walijaribu wakakata tamaa. Yeye aliiotesha kwa miaka kumi na mmoja.

Foleni ilipokwisha, Adnan alimwita ofisini na kumwonyesha kisanduku cha wavu. Alikuwa ameanzisha utaratibu wake mwenyewe tangu aajiriwe: katika kila trei huchukua pupa kumi, huziacha zipasuke palepale kituoni, ili athibitishe jina. Zamani hakuna aliyengoja hivyo. Pupa zilipanda ndege, na mkuu wa zamani, aliyestaafu, alikuwa akizitambua kwa ganda tu.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na vipepeo kumi kutoka trei ya Khamisa ya Jumatatu mbili nyuma. Wanne walikuwa wa manjano, wenye mikia mirefu kwenye mbawa za nyuma. Wanne walikuwa weusi wenye mabaka makubwa meupe, hawana mkia hata kidogo. Wawili walikuwa rangi ya chungwa, nao hawana mikia. Ukutani kulikuwa na chati mpya inayong'aa, kila jina na picha yake moja.

"Dardanus ni huyu," Adnan aligonga picha ya yule wa manjano. "Hawa weusi ni Amauris niavius. Hawa wa chungwa ni Danaus chrysippus. Hukusajiliwa kufuga hizo aina mbili. Zimefikaje kwenye trei yako?"

"Hao weusi na hao wa chungwa ni wake za hao wa manjano."

Adnan alicheka. Hakucheka kwa ubaya, ila kicheko ni kicheko.

"Mama, hata ukoo si mmoja. Hao ni koo tatu mbalimbali. Ni kama uniambie ng'ombe ameolewa na punda."

"Ndivyo walivyo. Dume ana mkia, jike hana, na majike wenyewe hawafanani. Wanaiga sura za hao wa kwenye chati yako, kwa sababu hao ni wachungu na ndege hawawali. Pupa ulizitazama? Zilikuwa kijani zote, zimejifunga uzi kiunoni. Hao Amauris wako pupa zao huning'inia kichwa chini, hazina uzi. Zilifanana au hazikufanana?"

"Maganda sikuyatazama. Mimi naandika nilichokiona kimetoka."

"Basi umeona nusu."

Adnan alikuwa na simu mfukoni ambayo ingemwambia ukweli wote kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Lakini mtu hutafuta asichokijua, na Adnan alidhani anajua. Nani atakwenda kuiuliza simu jambo ambalo limebandikwa ukutani kwa rangi?

Khamisa aliondoka na barua. Aliisoma njiani, akaisoma tena alipofika nyumbani. Aliambiwa asafishe vizimba vyake, visibaki na yai wala kiwavi. Atenge kila aina kwenye kizimba chake, na kila kizimba kiwekwe mmea wa chakula ambao kitabu kinasema ni wa aina hiyo. Kwa siku ishirini na moja asikanyage msituni, kisha kituo kitakuja kukagua. Kama hakutaonekana mayai na viwavi wa kila aina, itachukuliwa kwamba hao wasio na mikia anawakamata msituni na kuwapachika kwenye trei. Kuwakamata msituni bila kibali ni kufutwa kwenye daftari na jina kupelekwa kwa askari wa msitu.

Kwa maneno mengine, ni mwizi. Barua haikuliandika neno lenyewe, lakini Khamisa hakuwa na haja ya kuandikiwa.

Mwanapili alikuja jioni ile akamkuta anakung'uta viwavi kwenye ungo. Kuku wa nyumba mbili walikuwa wamekusanyika miguuni pake kama wamealikwa karamu. Wiki sita za kazi ziliingia kwenye makoo ya kuku kwa dakika kumi.

"Khamisa, una wazimu? Hujaenda kumwona Kombe?"

Kombe ndiye meneja wa kituo, mtu aliyetoka kwenye mahoteli, ambaye kwake yeye kipepeo na nondo ni mamoja ilimradi karatasi zimekaa sawa.

"Kombe kaisaini barua. Nimwendee kumwambia nini? Wanataka niwatenge, nitawatenga."

"Ukiwatenga hawatazaa. Madume peke yao, majike peke yao, tena umwekee jike mmea asioutaka! Kipepeo jike huonja jani kwa miguu. Asipolipenda, hatagi."

"Najua."

"Sasa siku ya ukaguzi utawaonyesha nini?"

"Vizimba vitupu," Khamisa alisema, akaupiga ungo kofi mpaka kuku wakaruka. "Waone kwa macho yao. Nikisema hawasikii. Basi vizimba viseme."

Hasira ina ujinga wake, na ule wa Khamisa ulikuwa wa namna hii: alidhani kila mtu akiona kizimba kitupu ataona anachokiona yeye. Mwanapili alimjua shoga yake, akishapandisha hashuki.

Akawatenga. Aliwakamata mmoja mmoja kwa vidole viwili, taratibu, kama anavyofanya siku zote. Wenye mikia aliwatia kizimba cha kwanza pamoja na miche yote mizuri ya ndimu-mwitu. Weusi aliwatia cha pili, akawawekea mtambaazi wa utomvu mweupe uliotajwa kwenye barua. Wa chungwa aliwatia cha tatu, na mmea mwingine wa utomvu. Kila mlango akauandika jina lake la Kilatini kwa chaki, herufi kubwa, safi, bila kukosea hata moja. Kisha akawa analeta maji ya sukari asubuhi na jioni, na kungoja.

Siku ya tano wenye mikia walikuwa wameanza kujipiga kwenye wavu, upande ule unaoelekea kizimba cha pili. Siku ya kumi walianza kufa. Miche ya ndimu-mwitu ilichipua majani laini ambayo hakuna aliyeyagusa. Majike nao walizungukazunguka ule mtambaazi, wakatua, wakaugonga kwa miguu, wakaruka, wakatua tena, wakaruka tena. Khamisa aliwatazama akajisikia vibaya, kwa maana yeye ndiye aliyewafungia. Mara mbili mkono wake ulikwenda kwenye mche wa ndimu-mwitu auhamishe. Mara mbili akaurudisha. Wameandika wenyewe, alijiambia. Waje waone walichokiandika.

Siku ya ishirini na moja walikuja, Kombe na Adnan, kwa gari la kituo. Kombe alikuwa na viatu vya ofisini na alikanyaga kwa uangalifu kama aliyeingia nyumba yenye mtoto aliyelala. Alisalimia vizuri, alikataa maji ya kunywa kwa adabu, kisha akasimama mbele ya vizimba na karatasi yake.

"Kizimba cha kwanza. Mayai?"

"Hakuna," alisema Adnan.

"Viwavi?"

"Hakuna."

Wakaenda cha pili, wakaenda cha tatu. Hakuna na hakuna. Vipepeo waliobaki hai katika vyote vitatu hawakuzidi saba, na wote mbawa zimechanika pembeni.

"Sasa umeona," Khamisa alisema, na sauti yake ilikuwa karibu na furaha. "Umeona, Bwana Kombe? Hicho cha kwanza ni madume matupu, yatazaa na nani? Hivi viwili ni wake zao, mkaniambia niwape majani ya watu wengine. Miaka kumi na mmoja sijawahi kukosa yai. Mmenitengea waume na wake, yai hakuna. Jibu si hilo?"

Kombe alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mkorofi. Ingekuwa afadhali angekuwa mkorofi.

"Bi Khamisa, mimi si mtaalamu, nasoma kilicho mbele yangu. Miaka kumi na mmoja umeleta pupa kila Jumatatu. Tumekwambia usiingie msituni, siku ishirini na moja tu, na vizimba vyako vimekuwa vitupu. Mtu mwingine yeyote akisoma hivi, ataelewa nini?"

Khamisa alivitazama vizimba vyake, na kwa mara ya kwanza aliviona kwa macho ya Kombe. Ni kweli. Kizimba kitupu hakikumtetea, kilimchongea, na aliyekifanya kitupu ni yeye kwa mikono yake, kwa ukaidi wake, huku Mwanapili anamwambia. Alitaka kulia na alitaka kumpiga mtu, na hakujua aanze na lipi.

Kombe alitia saini, akampa Adnan bisibisi ang'oe kwenye kizimba kibati cha namba kumi na saba, akasema ana kikao na hawezi kungoja, kijana atarudi kwa bodaboda. Gari likaondoka.

Adnan alianza kufungua skrubu ya kwanza. Mwanapili, aliyekuwa anasikiliza kwenye ua kama watu wote wenye akili wanavyofanya, alishindwa kuvumilia akaingia.

"Khamisa! Hebu mtazame yule mweusi pale juu. Yule bado ana tumbo."

Khamisa aligeuka. Katika kizimba cha pili, juu kwenye kona, jike mmoja mweusi mwenye mabaka meupe alikuwa amening'inia, ubawa mmoja umekatika nusu, lakini tumbo lake limejaa. Alikuwa amepandwa kabla ya kutengwa. Siku ishirini na moja alikuwa amebana mayai yake, anakataa kuyaacha kwenye jani asilolitaka.

"Adnan," Khamisa alisema. "Weka hiyo bisibisi chini. Leta mche mmoja kutoka kizimba cha kwanza."

"Mama, mimi nimeagizwa tu…"

"Nimesema leta mche!"

Aliuleta. Khamisa alifungua mlango wa kizimba cha pili, akautoa ule mtambaazi akautupa uani, akaweka mche wa ndimu-mwitu mahali pake. Wakasimama watatu mbele ya wavu. Jike alikaa pale kwenye kona kwa muda ambao Khamisa aliuona mrefu kuliko zile siku ishirini na moja. Kisha akajiachia, akashuka vibaya kwa sababu ya ule ubawa mbovu, akatua kwenye jani changa. Aligonga jani kwa miguu ya mbele, haraka haraka. Akakunja tumbo, akaligusisha ukingoni mwa jani, na akaacha yai moja, duara, la manjano hafifu. Akaruka kwenye jani la pili.

Adnan alisogea mpaka pua yake ikagusa wavu. Khamisa alimsikia anahesabu kwa kunong'ona. Alifika kumi na mbili.

"Amauris hatagi kwenye mdimu," alisema taratibu. "Haiwezekani akatage kwenye mdimu."

"Mimi nilikwambia nini?"

Adnan alitoa simu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasoma. Alisoma kwa muda mrefu. Alipoinua uso, Khamisa alimwona yule mtoto wa miaka mitano.

"Imeandikwa," alisema. "Imeandikwa wazi, mstari wa pili. Jike hana mkia na ana sura nyingi. Wazungu wenyewe walibishana habari hii zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita. Waliwapa majina mbalimbali, mpaka mmoja wao alipofuga mayai ya mama mmoja."

"Miaka mia moja na hamsini!" Mwanapili alipiga makofi. "Na chati imechapishwa juzi!"

Khamisa alingoja. Alingoja lile neno ambalo mtu yeyote angelingoja, na badala yake Adnan alitoa karatasi kwenye mkoba.

"Mama, nisikilize. Kuna kipengele cha kosa la bahati mbaya. Mfugaji akikiri kwamba alichanganya bila kukusudia, hapelekwi kwa askari. Atapewa onyo tu, na mwakani atasajiliwa upya. Tia saini hapa. Mimi bado nimo kwenye kipindi cha majaribio, kinakwisha mwezi ujao. Ripoti ya kwanza niliiandika mimi. Nikisema sasa kwamba nilikosea jina, na shehena nzima ilizuiwa kwa ajili hiyo, Kombe hatanibakiza."

Kwa muda Khamisa hakuelewa, kwa sababu hakutaka kuelewa.

"Unajua kwamba sikuchanganya."

"Najua."

"Umeona kwa macho yako."

"Nimeona, mama."

"Na unataka niandike kwamba nilichanganya."

"Bila kukusudia."

"Yaani mimi niwe mjinga ili wewe usiwe mjinga." Sauti yake ilianza kupanda na hakuizuia. "Nimekaa na wadudu hawa miaka kumi na mmoja! Najua siku wanayokojoa na siku wanayoumwa! Wewe uliyesomeshwa na hao hao vipepeo ukashindwa kumjua mke na mume!"

"Ningemjuaje?" Adnan naye alisimama, na ndoo ikabingirika. "Lini uliniruhusu kuingia humu? Kila nikisogelea kizimba ulikuwa unanifukuza. Nenda kasome, Adnan. Mikono yako ni ya kalamu, Adnan. Nimekulia hatua kumi kutoka hapa na sijawahi kulisha kiwavi hata mmoja! Ningejulia wapi kama si kwenye chati?"

Ni kweli, Khamisa alikuwa akimfukuza. Alitaka asiwe kama yeye. Alitaka awe mtu wa kukaa mezani, na Mwenyezi Mungu akampa alichokitaka, akakaa mezani.

"Hilo ni kosa langu," alisema mwishowe. "Hilo nitalitia saini hata leo. Lakini hilo la kuchanganya silitii. Kazi ikikuponyoka, rudi nyumbani, chakula kipo na kitanda chako kipo. Jina langu likinitoka, mimi nirudi wapi?"

Adnan alikunja ile karatasi. Hakusema atafanya nini. Alimkamata yule jike mbovu kwa vidole viwili, vibaya, mpaka Khamisa akamwonyesha namna ya kushika, akamtia kwenye kikopo. Kisha akaubeba mche wenye mayai kumi na mawili mbele ya kifua, akapanda bodaboda, akaenda zake. Kibati cha namba alikiacha kinaning'inia kwa skrubu moja.

Zikafuata wiki sita ambazo Khamisa hataki hata leo kuzisimulia. Jumatatu Mwanapili alikwenda Diani peke yake, akarudi hana habari. Kwenye mashine ya kusagia, wanawake walinyamaza alipoingia. Askari wa msitu, aliyezoea kumpungia mkono, alimsimamisha njiani akamfungulia kapu kuona amebeba nini, na ndani ya kapu mlikuwa na mihogo. Adnan hakupiga simu. Khamisa alimlaani, akastaghfiru, akamwombea, akamlaani tena. Alikuwa amechoka kukasirika na bado anakasirika, na hakuna kitu kinachochosha kama hicho.

Adnan alikuja Alhamisi moja baada ya adhuhuri, kwa miguu kutoka barabarani, na kisanduku cha wavu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Aliweka kisanduku juu ya mkeka. Mlikuwa na vipepeo tisa, wapya kabisa, mbawa hazina hata mkwaruzo. Wanne wa manjano wenye mikia. Watatu weusi wenye mabaka meupe. Wawili wa chungwa.

"Mama yao ni mmoja," alisema. "Niliwalea chumbani kwangu Ukunda. Majani nilikuwa nayafuata msituni kwa kibali, asubuhi kabla ya kazi. Watatu walinifia. Niliwapiga picha kila siku, tangu yai."

Kisha akampa bahasha. Khamisa aliifungua kwa kidole akaichana ovyo. Barua ilisema namba kumi na saba imerejeshwa kwenye daftari kuanzia siku hiyo, na kwamba mfugaji hakuwa na kosa lolote. Ilisema dume na jike wa Papilio dardanus hawafanani, na chati itarekebishwa. Ilisema kosa lilikuwa la afisa wa utambuzi, ambaye ameachishwa kazi. Chini kulikuwa na saini ya Kombe, kubwa, yenye mkia.

"Kombe alikuja hapa mwenyewe! Alitia saini mwenyewe mbele yangu!"

"Yeye alisaini nilichokiandika mimi."

"Na hii nani kaiandika?"

"Mimi. Alitaka niseme mayai yalichanganyika njiani, basi mambo yaishe, kila mtu abaki na kazi yake. Nikakataa. Akaniambia, basi andika unavyotaka, lakini kosa likae kwa jina lako." Adnan alijaribu kutabasamu. "Nimekuletea mwenyewe kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kutumwa. Nikitoka hapa narudisha funguo."

Khamisa aliikunjua barua tena. Maneno yote aliyoyataka yalikuwamo, hata moja halikupungua. Alikuwa ameyaomba kwa wiki tisa, sala kwa sala, na sasa yako mkononi mwake, na aliyeyalipia amekaa mbele yake juu ya mkeka, viatu vimejaa vumbi, hana kazi.

"Khamisa!" Mwanapili aliita kutoka upande wa pili wa ua. "Nimemwona Adnan anapita! Barua inasemaje?"

Khamisa aliikunja barua.

"Inasema nilisema kweli," alijibu, na siku zote hizo hakuwa amelia, lakini hapo akalia.